Ukuta, Kisima na Mjumbe: Ujirani Wetu Umesimama Juu ya Nini

Mjini hakuna ujirani. Kauli hii husikika msibani pakiwa na watu wachache, husikika ndani ya daladala, na husikika kwa mzazi aliyetoka Rombo au Newala kumtembelea mwanawe Kinyerezi akashinda ndani ya geti siku nzima bila kusikia hodi. Nyuma yake kuna picha ya kijiji: huko watu wanaombana chumvi, mtoto huonywa na mtu mzima yeyote, na mgonjwa hubebwa na majirani kabla ndugu hawajafika. Katikati kumezuka kundi la tatu, wakazi wa maeneo ya pembezoni mwa miji, kama Goba, Madale, Chanika na Kibamba, ambao wameondoka uswahilini bila kurudi kijijini, na hakuna mila iliyowatangulia ya kuwaelekeza waishi vipi.

Maelezo yanayotolewa kuhusu tofauti hiyo ni ya tabia. Watu wa mjini, tunaambiwa, wamekuwa wabinafsi, wamesahau utu. Na kwa kuwa ugonjwa ni wa tabia, dawa nayo inakuwa mawaidha: tupendane, tutembeleane, turudi tulikotoka. Sina ugomvi na mawaidha. Uislamu umempa jirani haki zake na Ukristo umeamuru apendwe, na mafundisho hayo yamelea watu wengi vizuri. Lakini muumini huyohuyo anayeshirikiana na kila mtu akiwa Mwanga au Masasi, akihamia Mbezi anaweza kukaa miaka asijue jina la aliye ng'ambo ya ukuta wake. Imani yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni mazingira anayoishi.

Hoja ya uchambuzi huu ni hii: ujirani husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kitu cha pamoja, yaani jambo ambalo nyumba moja haiwezi kulipata au kulikwepa peke yake: maji, njia, choo, ulinzi, mazishi. Ya pili ni msuluhishi anayekubalika, mtu au kikao ambacho pande zote zitakisikiliza kitu hicho kikileta mzozo. Nguzo ya kwanza ikikosekana, watu huachana. Ya pili ikikosekana, hugombana, na wakati mwingine huuana. Tukipima kijiji, mji na pembezoni kwa kipimo hiki, mengi tunayoyaita maadili yatajieleza kwa namna nyingine, na tutajua pa kuanzia kurekebisha.

Jambo hili lina haraka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati yao karibu asilimia 35 wanaishi mijini. Dar es Salaam peke yake ilikuwa na watu 5,383,728, ongezeko la milioni moja kwa miaka kumi. Watu wanahama kutoka aina moja ya ujirani kwenda nyingine kwa kasi kubwa kuliko mila zinavyoweza kuundwa.

Kijijini: mfongo, mpaka na mahame

Tuanze kijijini, kwa kuwa ndiko kunakosifiwa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga wamemwagilia vihamba vyao kwa karne nyingi kwa mifongo, mifereji inayochepusha maji mtoni huko juu na kuyashusha yakipita shamba kwa shamba. Aliye juu anaweza kumnyima maji aliye chini kwa kuweka tu kizuizi cha majani na tope. Kwa hiyo mfongo una zamu zake, una siku za kuusafisha na kuziba palipobomoka, na una msimamizi. Anayekwepa kazi hutozwa faini au hupoteza zamu. Ng'ambo ya pili, Upareni, maji hukusanywa usiku kwenye ndiva na kugawanywa mchana, na kazi ya kuitunza ndiva hufanywa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu.

Hapo nguzo zote mbili zinaonekana. Maji ni ya lazima na hakuna nyumba inayoweza kuyapata peke yake, na msimamizi anajulikana. Uchagani kuna pia sale, mmea unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba na kihamba. Mtu aliyemkosea jirani yake humpelekea jani la mmea huohuo kuomba msamaha, na kwa mila ni vigumu sana kwa aliyepelekewa sale kukataa. Waliouweka utaratibu huo walijua kwamba watu wanaogawana mpaka lazima watakoseana, wakaandaa njia ya kurudi kabla kosa halijatokea. Wema wa kijiji ulitegemea mambo ya namna hii, yaliyopangwa na kusimamiwa.

Pia tusisahau kwamba kijiji tunachokisifu kilipangwa upya wazazi wa wengi wetu wakiwepo. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya Watanzania waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika katika mashamba yao walihamishiwa kwenye vijiji vya nyumba zilizopangwa mistari. Shule, zahanati na bomba la maji vilikuja karibu. Lakini jirani sasa alikuwa yule aliyewekwa hapo na mstari, na shamba alilopewa huenda lilikuwa la ukoo mwingine. Miaka ya 1980 watu walipoanza kurudi kwenye mahame yao, walikuta wengine wakilima. Kesi zikajaa mahakamani, hadi mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Magomvi mengi ya mipaka vijijini, ambayo tunayahusisha na wivu au uchawi, yana mizizi katika kipindi hicho.

Na pale msuluhishi anapokosa kuaminika, kijiji kinaweza kuwa mahali pa hatari kuliko jiji. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji, baada ya msururu wa migogoro juu ya ng'ombe kuingia mashambani. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wakiuziana maziwa na mahindi, na ng'ombe walikuwa wakila mabua baada ya mavuno. Ujirani ulikuwepo, tena wa kufaana. Lakini wakulima waliamini kwamba mfugaji mwenye fedha hawezi kushindwa mbele ya ofisa, na wafugaji waliamini kwamba serikali ya kijiji ni ya wakulima watupu. Kila upande ulimwona mwamuzi kuwa ni wa upande mwingine. Maji na malisho ya bondeni yalibaki ya pamoja, ila hapakubaki mtu wa kuyaamulia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilijaribu kujaza pengo hilo. Inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Matakwa hayo juu ya wanawake si pambo. Mjane anayesogezewa mpaka na shemeji zake anahitaji kuona barazani mtu anayeijua hali yake. Na yapo magumu zaidi ya mpaka. Katika Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, baadhi kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho hayo mara nyingi yalitokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Waliowanyooshea kidole walikuwa watu waliokuwa wakisalimiana nao kila asubuhi. Anayesema kijijini kuna utu aseme pia kwamba macho yanayomwona mgonjwa mapema ndiyo yanayomwona, na kumhukumu, asiyefanana na wengine.

Nyumba ya Kiswahili na mita moja ya LUKU

Miji yetu haikuanza kwa kuunganisha watu. Wakoloni wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kama utepe wa kutenganisha makazi ya Waafrika wa Kariakoo na mji wa Wahindi. Yaani jiji lilichorwa ili watu fulani wasiwe majirani. Ujirani wa mjini tunaoukumbuka ulizaliwa katika sehemu iliyoachiwa wenyeji, ndani ya nyumba ya Kiswahili.

Nyumba hiyo kila mkazi wa Magomeni, Temeke au Tandika anaijua: baraza mbele, mlango mmoja, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko, koki na choo. Vyumba sita vinaweza kuwa na familia sita kutoka mikoa sita. Hapa kitu cha pamoja kiko kila mahali. Choo ni kimoja, kwa hiyo kuna zamu ya usafi. Ukumbi ni mmoja, kwa hiyo kuna zamu ya kufagia. Mlango mkubwa ni mmoja, kwa hiyo lazima ijulikane nani atarudi usiku na nani atamfungulia.

Na mita ya umeme ni moja. Sijui jambo linalofundisha ujirani wa mjini kuliko LUKU ya kuchangia. Kila chumba hutoa kiasi chake, lakini mwenye friji anatumia kuliko mwenye taa moja, fundi cherehani anapiga pasi mchana kutwa, na kuna anayeshukiwa kuchemsha maji ya kuoga kwa hita usiku wa manane. Uniti zikiisha saa mbili usiku na mwenye zamu ya kununua anasema hana, nyumba nzima hukaa gizani ikimsubiri abadilishe kauli. Ndani ya giza hilo kuna masuala yote ya utawala: usawa ni kulipa sawa au kulipa kadiri ya matumizi, asiyenacho avumiliwe hadi lini, na nani ana mamlaka ya kukata shauri.

Zamani jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa wazi. Mwenye nyumba aliishi chumba cha mbele, na mama mwenye nyumba alijua nani hajafagia na nani amemtukana mwenzake. Alikuwa mwamuzi, na kwa kuwa aliutumia ukumbi huohuo, uamuzi mbaya ulimrudia mwenyewe. Leo nyumba nyingi zimerithiwa na watoto wanaoishi kwingine. Kodi ya miezi sita inapokelewa kwa simu, dalali ndiye anayejua wapangaji, na nyumba imebaki na vitu vyote vya pamoja bila mwamuzi hata mmoja. Ugomvi wa wapangaji ukiongezeka katika hali hiyo, tusikimbilie kulaumu malezi yao.

Tuseme pia ukweli usiopendwa: watu wengi wanaukimbia ujirani huu mara tu wanapopata uwezo. Tangazo la dalali linalovutia kuliko yote ni la chumba na sebule, choo ndani, LUKU yako. Mwanamke asiyetaka kuvuka ua usiku kwenda chooni ana haki ya kukitaka chumba hicho. Kijana ambaye kila mgeni wake hujadiliwa barazani ana haki pia. Faragha ni haja ya kweli ya binadamu, na ujirani usioiheshimu hautadumu kwa kusifiwa. Swali la kujiuliza ni nini kinabaki kuwaunganisha watu kila mmoja anapopata mita yake.

Kinachobaki kwanza ni kifo. Hakuna anayeweza kujizika. Ndiyo maana msiba umedumu mijini wakati mengine yamefifia: turubai linafungwa hata kama linaziba njia, majamvi yanatandikwa, daftari la michango linafunguliwa, na akina mama ambao jana walinuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo leo wanakoroga ugali kwenye sufuria moja. Vikundi vya kufa na kuzikana, ambavyo viko karibu kila mtaa, vina taratibu kali kuliko ofisi nyingi: kiwango cha mchango, orodha ya mahudhurio, adhabu kwa mtoro. Asiyehudhuria ya wenzake anajua yake itakuwaje. Wahamiaji walikuja mjini na utani wao pia, na katika misiba mingi mtani, Mnyamwezi kwa Mzaramo au Mpare kwa Mchaga, ana ruhusa ya kuchekesha na hata kuzuia jeneza hadi alipwe, akiwasaidia wafiwa kupumua. Jiji lililojaa makabila lilihitaji mbinu za kuwafanya wageni kuwa wa karibu, na watu wenyewe ndio waliozibuni.

Ujirani wa kupanda ngazi

Gorofa limeleta mtihani mwingine. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilibomoa sehemu ya nyumba za Ng'ambo na kujenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Familia zilizozoea baraza la udongo na ua wa nyuma zilipewa umeme, bomba na choo cha ndani, zikawekwa moja juu ya nyingine. Maisha ya baraza yalishuka chini, kwenye nafasi za wazi na maskani za pembeni, kwa kuwa ngazi haina mahali pa kuketi. Dar es Salaam imefanya jaribio linalofanana nalo hivi karibuni: Magomeni Kota, iliyozinduliwa mwaka 2022, imerudisha kaya 644 zilizokuwa zikiishi nyumba za chini za kota kwenye vyumba vya gorofa.

Anayehamia gorofani akidhani amekwepa vitu vya pamoja huvikuta vimeongezeka. Paa ni la wote ingawa linavujia wa juu peke yake. Pampu ya maji ni ya wote ingawa ikiharibika wa chini bado hupata maji kidogo. Bomba la maji taka likiziba, uchafu wa ghorofa ya nne hutokea ghorofa ya kwanza. Lifti, taa za ngazi, mlinzi, jalala: kila kimoja kina gharama, na kila gharama ina mtu anayeona haimhusu. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayowataka wenye vyumba wawe na chama chao cha kusimamia maeneo ya pamoja. Kisheria msuluhishi yupo. Kwa vitendo, majengo mengi yanaongozwa na kundi la WhatsApp ambamo watu kumi wanalalamika, mmoja anafuatilia fundi, na waliobaki wanasoma kimya. Ninaamini matengenezo ya paa yatatugombanisha zaidi miaka ijayo kuliko jambo lolote tunalolihofia leo, kwa kuwa majengo yanazeeka na mifuko ya matengenezo haipo.

Pembezoni: hatua ishirini kwa ishirini

Lakini uwanja mkubwa wa ujirani mpya ni pembezoni. Hapo mtu hununua kiwanja kilichopimwa kwa miguu, hatua ishirini kwa ishirini, kutoka kwa mwenye shamba, mbele ya mjumbe na mashahidi wawili, na karatasi ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Anaanza msingi, anasimama, anaendelea mwaka mwingine. Miaka ya mwanzo ujirani huwa mzuri ajabu. Nyumba ziko tano porini, kwa hiyo watu wanachangia nguzo za umeme, wanakodi katapila la kuchonga njia, wanaazimana maji wakati boza halijafika, na wanajuana kwa sauti za mbwa wao. Uhitaji unawashikamanisha.

Kisha kila mmoja anainuka. Anachimba kisima chake, anaweka simtank juu ya mnara wake, anajenga ukuta, anapandisha waya wa umeme juu ya ukuta, anaajiri mlinzi. Kila hatua ni ya halali na ina sababu, hasa kwa mtu aliyewahi kuvunjiwa. Ila kila hatua inaondoa sababu moja ya kubisha hodi kwa jirani. Baada ya miaka kumi mtaa uleule uliochangia nguzo hauwezi kuchangia lori moja la kifusi cha kuziba shimo la njia, kwa kuwa wenye magari makubwa hawaoni shimo na wapita kwa miguu hawajulikani ni wa nani.

Hapa ndipo hesabu ya ukuta inapoonekana ina kosa. Ukuta humaliza uhitaji wa kile jirani anachoweza kukupa, lakini haumalizi kile anachoweza kukufanyia. Mvua za masika zinalithibitisha hilo kila mwaka. Mtu wa juu ameziba mkondo wa asili kwa ukuta wake, maji yanageuka na kuingia sebuleni kwa wa chini, naye anatoboa ukuta wake ili yaende kwa wa chini zaidi. Mabondeni kuna wanaosubiri mvua ili kutapisha vyoo, na kilichotapishwa huelea hadi visimani. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea nchini, hakikuuliza nani ana geti. Muziki nao hauna geti: sabufa ya baa iliyofunguliwa kati ya makazi hupita juu ya ukuta wa aina yoyote, na mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lililazimika kuzifunga kwa muda baa na kumbi nyingi kwa sababu ya kelele.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba ukuta hautoshi umo katika urasimishaji wa makazi. Mtu aliyejenga kwa hatua za miguu akitaka hati, lazima majirani wanaopakana naye wakubali mipaka na kutia saini, na mara nyingi kila upande ukubali kuachia kipande cha ardhi ili njia ipatikane. Waliokuwa hawasalimiani wanalazimika kutafutana. Palipo na maelewano, mpimaji huweka bikoni na mtaa mzima unapanda thamani. Palipo na mmoja aliyekataa kusogeza ukuta wake kwa mita moja, gari la zimamoto halitafika kwa yeyote, yeye akiwemo.

Mjumbe ni wa nani?

Tumeona kwamba vitu vya pamoja havijatoweka mahali popote. Vimebadilika sura tu. Kilichodhoofika zaidi ni nguzo ya pili, na historia yake inahitaji kutazamwa bila woga.

Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi, kila shina na balozi wake, ambaye pia huitwa mjumbe. Balozi alipatanisha mume na mke, alipokea mgeni, alijua nani anaumwa. Alikuwa pia jicho la chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi walibaki kuwa viongozi wa CCM, na utawala wa kiserikali wa ngazi ya chini ukawa mtaa mjini na kijiji na kitongoji vijijini. Lakini wananchi waliendelea kumpelekea mjumbe matatizo yao, na wengine, walio wa vyama vingine au wasio na chama, wakaanza kujiuliza kama huyu ni mwamuzi wao. Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Mwenyekiti wa mtaa naye, mjini, anaongoza maelfu ya watu ambao wengi humfahamu siku wanapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, kitambulisho cha taifa au dhamana.

Kenya iliazima wazo la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, kwa lengo la usalama. Hilo linaonyesha nguvu ya wazo na hatari yake. Usalama ni kitu cha pamoja kweli, na sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini walioanza miaka ya 1980 mwanzoni walipunguza wizi wa ng'ombe pale polisi waliposhindwa. Lakini walipiga, walitoza na walihukumu bila kusikiliza. Rwanda ilikuwa na ngazi iliyoitwa kwa jina hilohilo la Kiswahili, nyumbakumi, na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ngazi za chini za utawala zilitumika kuwatambua na kuwasaka Watutsi nyumba kwa nyumba. Wengi waliuawa na watu waliojua hata majina ya watoto wao. Baadaye ilibidi majirani haohao waketi kwenye mahakama za Gacaca, hadi zilipofungwa mwaka 2012, ili kusema mbele ya walionusurika nani alifanya nini.

Fundisho la hayo yote ni kwamba kumjua jirani ni nguvu tupu. Mwelekeo wake unatokana na nani anayeisimamia na anawajibika kwa nani. Msuluhishi anayewajibika juu tu, kwa chama au kwa polisi, hugeuka kuwa mpelelezi. Anayewajibika kwa wale anaowaamulia, kama mama mwenye nyumba aliyeishi chumba cha mbele au msimamizi wa mfongo anayekunywa maji ya mfongo huo, ana sababu ya kuwa mwadilifu.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha kabla shauri halijakwenda juu. Wapo walioona mabaraza yamepokonywa meno. Mimi naona nafasi: kikao kisicho na uwezo wa kumnyang'anya mtu ardhi yake kinaweza kuaminiwa na wote wawili, mradi wajumbe wake wafundishwe kazi ya kupatanisha, walipwe posho ya halali, na wasitegemee bahasha ya mwenye shauri.

Tuanzie wapi

Kama hoja ya nguzo mbili ni sahihi, basi kazi ya kuujenga ujirani ni ya vitendo zaidi kuliko ya mawaidha, na sehemu kubwa haihitaji fedha nyingi.

Katika nyumba za kupanga, mkataba utaje vitu vya pamoja kwa majina: umeme unachangiwaje, zamu ya choo ni ya nani, mlango unafungwa saa ngapi, na mpangaji gani ni msemaji wa nyumba pale mwenye nyumba anapoishi mbali. Mita ndogo ya kila chumba ikiwezekana ifungwe, kwa kuwa si kila kitu kinachogombanisha kinastahili kuhifadhiwa. Katika magorofa, mfuko wa matengenezo uanze siku jengo linapokaliwa, na hesabu zake zibandikwe ngazini kila mwezi. Pembezoni, kamati ya mtaa ikubaliane mikondo ya maji ya mvua na upana wa njia kabla kuta hazijapanda, na muhuri wa serikali ya mtaa usigongwe kwenye mauziano yanayoziba mkondo. Vijijini, wafugaji wawe na viti halisi kwenye mabaraza yanayoamua malisho, na wanawake wasiwe wa kujaza idadi.

Juu ya yote, wapangaji wahesabiwe kuwa wakazi. Katika mitaa mingi ya mijini wao ni wengi, lakini mkutano wa mtaa unaachiwa wenye nyumba, na wao wenyewe husema hawana muda kwa kuwa watahama. Mtu anayekaa mahali miaka mitatu ametumia choo, njia na maji ya hapo kwa miaka mitatu. Asiposhirikishwa hatajali, na asipojali tutamwita mbinafsi.

Kwa hiyo tuache kuuliza kama mjini kuna ujirani. Tuulize mtaani kwetu tunagawana nini, na tukikosana juu yake tunakwenda kwa nani. Mtaa wenye majibu ya maswali hayo mawili utaweza kuishi hata ukiwa na kuta ndefu na wakazi wa kila kabila. Mtaa usio nayo uitishe kikao kabla ya masika.